Wa Tatu Kutoka Kushoto

Kisanduku cha viatu, namba tisa,
kamba ya katani imekizunguka mara mbili.
Ndani hamna raketi, raketi isingeenea.
Mna daftari la madeni ya chokaa,
risiti ya wavu ulionunuliwa kwa senti za mchango,
jino la mtu
(Overby alikuwa daktari wa meno,
na uwanja ulikuwa nyuma ya zahanati yake),
na picha moja: Petersburg, Virginia, Agosti 1938.

Shangazi Almeda alikuwa katibu wa klabu.
Aliandika yote. Nani kamfunga nani,
sita kwa nne, sita kwa moja;
nani kaleta kuku, nani kasahau limau;
wageni wa Baltimore walilala wapi,
maana hoteli ya mjini ilikuwa na vitanda
ila haikuwa na vitanda vyao.
“Wawili kwa akina Pettiford.
Mmoja sakafuni kwetu. Hakulalamika. Alikoroma.”

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Sisi daftari tulikuwa nalo.
Lakini nyuma ya picha, kwa wino wa buluu,
majina ni saba,
na watu ni wanane.

Nawahesabu tena kwa ncha ya kucha.
Overby, suruali nyeupe iliyopigwa pasi hadi ikaota makali.
Ndugu wawili wa Thaxton, mmoja kafumba macho.
Almeda, kidevu juu, kama anayedai ada.
Na wa tatu kutoka kushoto, msichana,
soksi moja imemshuka,
raketi kaikamata kwa shoto
kama mtu aliyeazimwa kitu
na ameshaamua harudishi.

Nimepiga simu. Richmond. Newark.
Mjukuu wa Thaxton, aliyeko Oakland,
hakujua kwamba babu yake aliwahi kucheza.
Alijua tu kwamba mzee, hadi mwaka wa mwisho,
alifagia kibaraza kwa mgongo wa mkono,
goti limekunjwa, jicho kwenye vumbi,
na majani makavu yalikwenda alikoyataka.

Uwanja nimeuona. Sasa ni maegesho ya duka la dawa.
Mvua ikinyesha, udongo mwekundu
hupenya kwenye nyufa za lami
na kutia doa viatu vya watu wasiojua ni doa la nini.

Amebaki Bi Hortense Crump, miaka tisini na sita,
chumba cha kumi na nne, dirisha la upande wa reli.
“Mimi nilikuwa muokota mipira,” akasema.
“Ilikuwa sita. Ukiruka uzio wa nyuma
ukaangukia kwa wazungu,
inakuwa mitano, na wewe hukuona kitu.”
Nikampa picha. Akaisogeza mbali, akaileta karibu.
“Jina? Jina, mwanangu, limekwenda.”

Kisha mkono wake wa kulia, uliolala pajani
tangu nilipoingia, ukanyanyuka.
Ukapita kifua. Ukapita uso.
Vidole vikafunguka, vikaachia
mpira usiokuwepo,
naye akautazama ukipaa.
Nami nikatazama juu.
Na muuguzi, kasimama mlangoni na sinia ya vidonge,
akatazama juu.
“Juu mno,” akasema Bi Hortense.
“Kila Jumamosi tulimwambia: unarusha juu mno!
Hakusikia. Alisimama tu pale, raketi mgongoni,
anausubiri, na huyo wa ng’ambo anachoka kuinama.”

Treni ya mizigo ikapita. Tukanyamaza watatu.

Maktaba wanataka maelezo ya kila uso kabla ya Ijumaa.
Saba nimewaandika kwa wino.
Wa nane hivi:
*Jina halijapatikana. Shoto.
Alirusha mpira juu mno, na alikuwa na subira nao.*
Huyo nimemwandika kwa penseli,
herufi ndogo, chini kabisa ya mstari,
juu yake nimeacha nafasi.
Wino ninao.